Barua ya Wazi kwa Walimu wa Ilimu ya Uchumi, Juu ya Binadamu Wanayemfundisha

Kwa Waheshimiwa Wakuu wa Idara na Walimu wa Ilimu ya Uchumi katika vyuo vikuu vya Afrika ya Mashariki,

Nawaomba mniwie radhi kwa kuyaleta mbele ya hadhara mambo ambayo pengine yangefaa kuzungumzwa faragha. Lakini kwa kuwa mnayoyafundisha hayabaki ndani ya madarasa yenu, bali hutoka yakaingia katika wizara za fedha, katika mabenki, katika vyama vya ushirika na katika magazeti tunayoyasoma, nimeona kwamba neno linalowagusa watu wote ni haki lisemwe mbele ya watu wote. Mimi si mwanazuoni wa ilimu yenu. Maisha yangu ya kazi yalipita katika vitabu vya hesabu vya chama cha ushirika, na nilichokisoma katika uchumi nimekisoma kwa kuazima vitabu kwa vijana waliopita mikononi mwenu, polepole na kwa ubishi mwingi.

Mas'ala yangu ni moja tu. Katika mwaka wa kwanza, kabla mwanafunzi hajaulizwa lolote alijualo juu ya watu aliotoka kwao, hujulishwa kwa mtu fulani asiye na mama wala jirani, asiye na dini wala aibu, ajuaye barabara anachokitaka, ayapangaye matakwa yake kwa daraja bila ya kujipinga, na achaguaye kila mara lile limletealo yeye mwenyewe manufaa makubwa zaidi. Na juu ya mabega ya mtu huyo hupangwa mistari ya mahitaji na ugavi, na bei, na mishahara, na hatimaye nchi nzima. Sina ugomvi na kumtumia mtu huyo, maana kila ilimu ina haki ya kurahisisha. Ugomvi wangu ni kwamba mwanafunzi hujulishwa kwake kana kwamba ndiye binadamu mwenyewe, na shaka juu yake, ikiwa inatajwa, huachwa mpaka somo la hiari la mwaka wa mwisho, wakati ambapo wanafunzi walio wengi wamekwisha kwenda zao naye yumo vichwani mwao.

Walioiasisi ilimu hii hawakufanya hivyo. Adam Smith, ambaye jina lake hutajwa katika saa ya kwanza ya somo lenu, alikuwa mwalimu wa falsafa ya maadili katika chuo kikuu cha Glasgow, na kitabu chake cha mwanzo, kilichotoka mwaka 1759, miaka 17 kabla ya kile cha utajiri wa mataifa, kilihusu hisia za kimaadili: namna mtu awezavyo kujiweka katika nafasi ya mwenzake, na namna anavyotamani si kusifiwa tu, bali kuwa mtu anayestahiki kusifiwa. Ule mfano wa kitabu cha pili, wa muuza nyama na mwoka mikate watulishao kwa kutazama faida yao wenyewe, ambao kila mwanafunzi anaujua kwa moyo, ulitoka katika kalamu ya mtu huyohuyo, wala yeye hakuona kwamba kitabu cha pili kimekitangua cha kwanza, kwani aliendelea kukitengeneza na kukizidisha kile cha kwanza hadi mwaka wa kufa kwake, 1790. Ama John Stuart Mill, katika insha yake ya mwaka 1836, alikiri waziwazi kwamba uchumi humtazama mtu kwa upande mmoja, upande wa kutamani mali, na akaona haja ya kutahadharisha kwamba hiyo ni dhana iliyowekwa kwa ajili ya hoja, na kwamba kumchukua mtu wa namna hiyo kuwa ndiye mtu wa kweli kungekuwa ni upuuzi. Ile tahadhari imepotea njiani. Dhana imefika salama.

Na sisi wa mwambao huu, ambao majina ya wanazuoni wa Kiarabu tumeyasikia tangu utotoni, tungeweza kurudi nyuma zaidi. Ibn Khaldun, mzaliwa wa Tunis, katika Muqaddima aliyoiandika mwaka 1377, aliyaanza mazungumzo yake juu ya maisha ya jamii kwa habari ya ngano: kwamba mtu mmoja pekee hawezi kujipatia hata chakula cha siku moja, kwa sababu ngano yataka kusagwa na kukandwa na kuokwa, na kila moja ya kazi hizo yataka vyombo, na vyombo vyataka mhunzi na seremala na mfinyanzi. Walakini hakuishia hapo, maana mara tu baada ya kuthibitisha kwamba watu hawaishi ila kwa kusaidiana, alisema kwamba dhuluma nayo imo katika tabia zao, na kwa hivyo hapana budi pawe na wa kuwazuia. Kusaidiana na kudhulumiana, yote mawili kwa mtu yuleyule, na yote mawili tangu mlango wa kwanza wa kitabu! Ningependa kuona kitabu cha uchumi cha mwaka wa kwanza chenye ujasiri wa namna hiyo.

Pengine mtanijibu kwamba haya ni maneno ya falsafa, na kwamba ilimu yenu sasa hutaka burhani. Vyema, na burhani zenyewe nyingine zimechukuliwa nyumbani kwetu. Mnamo mwisho wa miaka ya 1990, kikundi cha wanaanthropolojia na wanauchumi, Joseph Henrich akiwa mmoja wao, kilikwenda katika jamii ndogo 15 zilizotawanyika katika mabara mbalimbali, kikachezesha mchezo mmoja ambao ni mwepesi kuueleza. Watu wawili wasiojuana nani ni nani hupewa fungu moja la fedha, kadiri ya ujira wa siku moja au zaidi. Wa kwanza hutaja sehemu atakayompa wa pili, na wa pili akiridhika kila mmoja huchukua chake, ama akikataa wote wawili huondoka mikono mitupu. Kwa hesabu ya yule mtu wa kitabuni, wa kwanza angetoa senti moja, na wa pili angeipokea, maana senti moja ni bora kuliko kukosa. Katika jamii zote 15, hapana hata moja iliyoifuata hesabu hiyo. Wamachiguenga wa misitu ya Peru ndio walioikaribia zaidi, wakitoa kwa wastani asilimia 26, na waliopewa wakipokea karibu bila ya kukataa. Wawinda nyangumi wa Lamalera, huko Indonesia, walitoa asilimia 58, yaani walimpa mwenzao wasiyemjua ni nani zaidi ya nusu. Na katika Papua New Guinea walikuwako waliokataa hata sehemu iliyozidi nusu, kwa kuwa katika desturi yao zawadi kubwa ni deni kubwa.

Baina ya jamii hizo walikuwamo Waorma, wafugaji wa Mto Tana, na Wahadzabe wa Ziwa Eyasi, nami nawaomba mtue kidogo hapa, kwa sababu hapa ndipo panaponifanya niandike. Waorma walichezeshwa pia mchezo wa pili, ambamo kila mtu hutia kwa siri kiasi apendacho katika mfuko wa pamoja, mfuko huongezwa na mwenye kuuchezesha, kisha hugawanywa sawa kwa wote, aliyetia na asiyetia. Hawakuhitaji maelezo marefu. Mara moja waliuita mchezo wa harambee. Na kwa kuwa waliuona kuwa ni harambee, waliucheza kama harambee: wenye mali nyingi walitia sehemu kubwa zaidi kuliko wenye mali chache, kama inavyotarajiwa shule inapojengwa, ilhali katika ule mchezo wa kwanza, ambao haukuwakumbusha jambo lolote la maisha yao, tajiri na maskini walifanya sawasawa. Mtu aliyekuwa akicheza hakubadilika baina ya asubuhi na jioni. Kilichobadilika ni jina la jambo alilodhani analifanya, na pamoja na jina hilo wajibu wake, heshima yake, na macho ya watu aliyohisi kuwa yanamtazama. Mstari gani wa mahitaji unaoweza kulionyesha hilo?

Wahadzabe nao wana somo lao, tena la kuwanyamazisha wale wapendao kuwapamba watu wa porini kwa ukarimu wa peponi. Watu hawa, ambao nyama ya mawindo makubwa huigawa kambi nzima, katika mchezo ule walitoa kidogo, na zaidi ya hayo walikataa mara kwa mara, hasa katika kambi ndogo. Kumbe kugawa kwao kuna masharti yake, kuna kudaiwa na kusimangwa na kuchungwa, na pasipokuwa na mwenye kuona, mkono hufumba. Tena watafiti walikuta jambo ambalo wapinzani wa biashara hawatalipenda: kwa jumla, jamii zilizozoea zaidi soko, na zile ambazo maisha yao yanahitaji zaidi kushirikiana, ndizo zilizotoa kwa insafu zaidi. Basi soko, ambalo vitabu vyenu hulionyesha kuwa ni uwanja wa kila mtu na nafsi yake, laelekea kuwa ni mahali watu wanapojifunza kumtendea haki mtu wasiyemjua. Msinidhanie, kwa hivyo, kuwa nimekuja kuwahubiria juu ya ubaya wa faida.

Upande mwingine wa tabia ya binadamu, nao umechunguzwa hapa petu, ni ule wa mtu kushindwa kujitii mwenyewe. Katika Busia, magharibi ya Kenya, wakulima wa mahindi walijua kwamba mbolea inalipa, na wengi walisema kwamba msimu ujao wataitia, na msimu ulipofika hawakuitia, kwa kuwa fedha za mavuno zilikuwa zimekwisha kwenda katika ada, misiba na haja nyingine za nyumbani. Esther Duflo, Michael Kremer na Jonathan Robinson, ambao uchunguzi wao ulichapishwa mwaka 2011, walijaribu jambo dogo: kumwendea mkulima mara baada ya mavuno, angali na fedha mkononi, na kumuuzia mbolea kwa bei ya kawaida, apelekewe nyumbani bure wakati wa kuitia utakapofika. Jambo hilo dogo liliongeza matumizi ya mbolea kadiri ya ambavyo punguzo la nusu ya bei lingeongeza baadaye katika msimu. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba mtu hujua alitakalo na hulifanya, akikabidhiwa kesho kiti katika wizara ya kilimo, atatafuta sababu katika bei peke yake, na atatumia fedha ya serikali kununua kile ambacho pengine kingepatikana kwa kuwahi.

Na bei yenyewe si kitu cha tabia moja. Kuna kisa maarufu cha shule za chekechea 10 za Haifa, katika Israeli, ambazo wazazi walikuwa wakichelewa kuja kuwachukua watoto wao. Katika baadhi yake ikawekwa faini ndogo kwa kila kuchelewa, na kwa mujibu wa kila kitabu cha mwaka wa kwanza wachelewaji wangepungua. Wao wakazidi, hata wakakaribia kuwa maradufu, kwa sababu zamani mzazi alichelewa kwa haya mbele ya mwalimu, na sasa alichelewa kwa haki aliyoilipia. Faini ilipoondolewa, haya haikurudi. Uri Gneezy na Aldo Rustichini walilitangaza hilo mwaka 2000, nami nilipolisoma nilicheka peke yangu, nikikumbuka mikutano mikuu ya wanachama niliyoandika kumbukumbu zake. Niliona watu wakipokea bei ndogo ya mwaka mbaya bila ya manung'uniko makubwa, na nikawaona walewale wakiuza kahawa yao kwa walanguzi, kwa bei isiyopita yetu, kwa sababu tu mpima mizani alishukiwa kuwa anawapunja kilo mbili. Hapana mahali katika daftari zangu palipokuwa na safu ya kuandika ghadhabu, na kila mwaka ghadhabu ilikuwa ndiyo gharama yetu kubwa.

Hofu yangu kubwa zaidi ni juu ya wanafunzi wenyewe. Mwaka 1981 Gerald Marwell na Ruth Ames walichapisha habari za majaribio yao ya mfuko wa pamoja, wakaeleza kwamba wanafunzi wa juu wa uchumi walitia takriban asilimia 20 ya fedha walizopewa, ilhali makundi mengine yalitia karibu nusu. Tangu hapo wanazuoni wamebishana kama ilimu ndiyo inayowageuza vijana, au vijana wa namna hiyo ndio wanaoichagua ilimu. Nami sidhani kwamba ubishi huo umekwisha. Lakini mwalimu wa udaktari akiambiwa kwamba wanafunzi wake wana homa kuliko watu wengine, hangojei ubishi uishe ndipo ayachunguze maji ya bweni.

Kwa upande wa pili, na hili nalisema kwa uzito uleule, kumpanua binadamu si kumsifu. Nchi yetu ya Tanzania ililipa gharama ya kosa lililo kinyume cha lenu. Mwalimu Nyerere, katika andiko lake la Ujamaa la mwaka 1962, aliujenga uchumi juu ya moyo wa udugu ambao aliamini kwamba Mwafrika anao tangu asili. Na palipokuwa na hiari, kama katika vijiji vya chama cha maendeleo cha Ruvuma, vilivyoanzia Litowa, moyo huo ulionekana kweli. Chama hicho kilivunjwa mwaka 1969, na kufikia mwaka 1976 mamilioni ya watu walikuwa wamehamishiwa vijijini, wengi kwa amri. Na katika mashamba ya pamoja, ambamo mwenye kulima na mwenye kujinyosha chini ya mwembe waliandikiwa siku sawa, jembe lilikwenda kwa uvivu, wakati shamba la mtu mwenyewe, nyuma ya nyumba yake, lilipaliliwa hadi magugu yakakosa mahali. Yule mtu mwema wa majukwaani na yule mbinafsi wa kitabuni ni ndugu wa baba mmoja: kila mmoja wao ni kanzu iliyokatwa na fundi mwenye kipimo kimoja, wakavalishwa watu wote.

Aliyeuona mwili mzima, kwa maoni yangu, ni Elinor Ostrom, mwanamke wa kwanza kupewa Tuzo ya Nobel ya uchumi, mwaka 2009. Garrett Hardin alikuwa amedai mwaka 1968 kwamba malisho ya wote lazima yaharibiwe na wote, kwa kuwa kila mchungaji ataongeza ng'ombe wake; Ostrom akachunguza mambo yalivyo, badala ya kudhani, akayakuta malisho ya milima ya Uswisi na mifereji ya Valencia ambayo watu wameitunza kwa karne nyingi bila ya kuiuza kwa tajiri wala kuikabidhi serikalini. Tena hakukuta malaika. Alikuta watu wenye zamu, wenye walinzi waliowachagua wenyewe, wenye adhabu ndogo kwa kosa la kwanza na kubwa kwa kosa la pili. Je, ni lazima mwanafunzi wa Moshi asomeshwe habari za Valencia, ilhali mfongo, yaani mfereji wa Wachagga, unashuka kutoka Kilimanjaro mbele ya macho yake, na kila anayeunywesha mgomba wake anajua siku yake ya maji, na anajua kwamba asipofika siku ya kuuzibua atatozwa? Faini hiyo haikuua haya, tofauti na ile ya Haifa. Yaelekea ndiyo inayoilinda, kwa kuwa waliotozwa ndio walioiweka.

Najua mtakalolisema: kwamba hisabati ya mtu mpana ni ngumu, kwamba muhula ni mfupi, kwamba mitihani imekwisha tungwa. Hayo yote ni kweli, wala siombi mfute hata mstari mmoja katika michoro yenu. Naomba dhana itajwe kuwa ni dhana, siku ileile inapowekwa, na mwalimu yuleyule anayeiweka. Naomba ule mchezo wa kugawana fedha uchezwe darasani katika wiki ya kwanza, kwa shilingi za kweli, kabla wanafunzi hawajafundishwa jibu, kisha majibu yao yaandikwe ubaoni kando ya majibu ya Waorma na Wahadzabe. Naomba vitabu vya Smith vitajwe vyote viwili au kisitajwe hata kimoja. Na kwa kuwa najua, kwa kuwaona wajukuu zangu, kwamba kisichotahiniwa hakisomwi, naomba pia nipendekeze swali moja la mtihani.

Chama cha msingi cha kahawa kinaona kwamba baadhi ya wanachama wake huwauzia walanguzi sehemu ya mavuno yao, na kinakusudia kuwatoza faini; mtahiniwa aeleze kama uuzaji huo utapungua. Atakayechora mstari na kuonyesha kwamba gharama ikipanda tendo hupungua, mpeni alama zake, maana hakukosea. Lakini atakayeandika kwamba hawezi kujibu mpaka aambiwe faini hiyo imepitishwa na nani, mkutano wa wanachama au barua ya mrajisi, na mizani ya chama hupimwa na nani, huyo mpeni alama zote, na mkiwa na nafasi ya kazi katika ushirika wowote, nijulisheni jina lake.

Wasalaam, nami ni wenu mwenye kuwaheshimu,

Karani mstaafu wa chama cha ushirika